Riseti ya Duara la Mzee Waitara

Jumatatu, 4 Machi 2024. Turwa.

Mzee Waitara kanipigia simu kabla sijanywa chai. Boksi limeganda tena. Ni boksi nililomfungia kwenye duara, yaani shimo lake la dhahabu. Sensa huko chini zinapima maji, boksi linawasha pampu, na juu mdomoni mwa shimo kuna taa ya kijani. Vyote vinaongea kupitia waya zilezile. Sensa moja ikilowa vibaya inang'ang'ania waya, na vingine vyote vinanyamaza. Maji yanapanda, pampu imekaa tu.

Nilipofika machimboni nikamkuta Faridu, fundi simu wa mjini. Ameshazima swichi kubwa na kuiwasha. Boksi likafufuka. Wachimbaji wakampa mkono. Mkono, kwa kuzima na kuwasha!

Mzee Waitara, ambaye kila kijana kwake ni mura, alisema: mura, ikifika Jumamosi boksi bado linanisumbua, kazi nampa Faridu. Kazi ikienda, chumba nilichopanga hapa Turwa nacho kimekwenda, na mimi narudi Itiryo kuchunga ng'ombe wa baba mdogo Magige. Sitaki. Wale ng'ombe wananijua.

Jumanne, 5 Machi.

Nimepata! Chipu inayosimamia zile waya ina mguu wa riseti ambao sikuwahi kuuunganisha na kitu. Sijui kwa nini. Leo nimeuunganisha. Kisha kwenye draiva, kile kipande cha programu kinachoiamrisha chipu, nimeongeza maneno: ukiona waya zimeganda, bana mguu wa riseti, uachie, chipu ianze upya yenyewe. Bila swichi. Bila Faridu. Nimecheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba, Mama Hilaria, akauliza kupitia ukutani kama nina homa.

Jumatano, 6 Machi.

Ushindi. Nimeweka draiva mpya asubuhi na kukaa na kompyuta kwenye kibanda cha boksi, juu karibu na shimo. Hakuna kosa hata moja. Zamani yalikuwa yanamiminika, leo kimya kabisa. Nikamwita Faridu aje aone ukimya.

Faridu akatazama, akauliza mbona pampu haijanguruma tangu asubuhi. Nikamweleza kwa upole kwamba boksi likiwa na afya, pampu haina sababu ya kunguruma. Akasema sawa, fundi. Sikupenda alivyosema fundi.

Mchana akapanda Stanslaus, msimamizi wa duara, mtu wa Geita. Amelowa mpaka kiunoni. Alisema huko chini imebaki kuvua samaki tu. Sielewi. Kompyuta inasema mambo ni mazuri.

Alhamisi, 7 Machi.

Nimeelewa. Nilimwandikia draiva abane riseti. Kuachia nikasahau. Kwa hiyo chipu ilishinda imelala, na aliyelala halalamiki. Ni mstari mmoja tu, nimeuongeza. Nimejaribu kumweleza Mzee Waitara kwamba ni mstari mmoja tu. Nilianza na shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama.

Ijumaa, 8 Machi.

Sasa kweli. Sensa imelowa, waya zimeganda, draiva ameshtuka, chipu imeanza upya. Taa imepepesa kidogo, pampu ikanguruma. Sikugusa kitu!

Halafu likatokea jambo la kunitoa machozi. Wachimbaji wote wakaanza kupanda kamba, mmoja mmoja, kuja kunipongeza. Nikasimama mlangoni mwa kibanda, nikanyoosha shati. Wakanipita. Wakakaa kwenye kifusi, wakaagiza uji. Nadhani ni aibu. Watu wa machimbo hawajui kusema maneno mazuri.

Stanslaus akawahesabu, wakashuka. Sensa ikalowa tena. Riseti, safi kabisa. Wakapanda tena. Imekuwa hivyo mpaka jioni, na hakuna mfuko wa mawe uliotoka. Wananipenda, lakini sasa wamezidi.

Jumamosi, 9 Machi.

Hawanipendi. Stanslaus amemweleza Mzee Waitara mbele yangu. Tangu kuta zilipoporomoka mwaka juzi, sheria ya duara hili ni moja: taa ya mdomoni ikizimika hata kidogo, kila mtu anapanda, na hakuna kushuka mpaka ahesabiwe na matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yakaguliwe. Taa yangu iko kwenye chipu ileile. Kila riseti inaizima. Jumatano ilishinda imezimika, na aliyeshuka ni Stanslaus peke yake, kukagua. Sheria hiyo niliambiwa siku ya kwanza. Nilidhani inawahusu wachimbaji.

Nilijitetea kwamba riseti haijakosea hata mara moja. Mzee Waitara alikubali. Alisema jana riseti ndiyo pekee iliyofanya kazi duarani kwake. Kisha akamkabidhi Faridu ufunguo wa kibanda.

Faridu hakunicheka. Imeniuma zaidi. Aliiondoa taa kwenye boksi, akaifungia betri yake peke yake. Basi. Hilo hata mimi ningelifikiria kesho yake. Riseti yangu imebaki mle ndani, haizimi tena taa ya mtu, inafanya kazi vizuri sana, na wachimbaji wanampa mkono Faridu.

Jumapili, 17 Machi. Itiryo.

Ng'ombe wamenikumbuka. Mmoja amenikanyaga.

Ila nimegundua kitu. Njia ya kwenda mtoni ni nyembamba, na fahali wa baba mdogo akifika katikati anagoma. Walio nyuma wote wanaganda. Ni tatizo lilelile! Baba mdogo huwarudisha wote zizini na kuwatoa upya. Hiyo ni akili ya Faridu. Mimi nimemfunga fahali kamba mguuni. Akiganda navuta, anaanza upya mwenyewe.

Leo nimejaribu. Nimevuta, akalala chini palepale. Kundi zima limetulia, wala hakuna anayelia. Nimekaa kwenye jiwe naandika haya, mwandiko mbaya kidogo, kwa kuwa mkono mmoja bado umevuta kamba. Baba mdogo Magige anauliza kutoka ng'ambo mbona ng'ombe wako kimya namna hii na bado hawajanywa maji. Nimemwita aje aone. Hakuna kosa hata moja.