Soksi ya Kushoto ya Christophe-Aimé

Kamembe nzima hakuna mikono kama ya Christophe-Aimé! Habari hizo tumezipata kwa Christophe-Aimé mwenyewe, maana watu wengine walikuwa hawajaligundua jambo hilo. Alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko. Ukimpelekea simu iliyotumbukia kwenye sufuria ya maharage, aliipokea kama mkunga, akafumba jicho moja, akashusha pumzi. Simu ikipona, sifa zote ni za mikono. Isipopona, basi ilikuwa feki tangu dukani.

Alimpenda Joselyne, mfumaji wa sweta za wanafunzi, aliyekaa na mabonge yake ya nyuzi mkabala na kibanda. Alimpenda kweli, hilo tusimnyang'anye. Shida ilikuwa mdomo. Siku moja, mbele ya wateja, akaropoka:

"Joselyne, unajichokesha bure! Hii haiko kazi. Ni kusukuma miti mbili, basi!"

Joselyne akaziweka sindano chini polepole. Wanawake wa meza za jirani wakageuza shingo, kwa kuwa polepole hiyo waliijua.

"Ni kintu ya mupesi?"

"Ya batoto!"

"Sawa. Koko yangu kule Giheke iko na miguu ya baridi. Siku utakuya na bazee bako kwetu kushika irembo, leta shosete ulifuma na mikono yako. Koko akizivala, Papa atabapokea. Asipozivala, usinifate tena!"

Kushika irembo ndiyo ile ziara ya kwanza, wazee wa kijana wanapokwenda kubisha hodi rasmi nyumbani kwa binti. Ukiharibu hapo, umeharibu yote. Christophe-Aimé akacheka mpaka akaegemea meza. Maskini! Alikuwa ameitundika ndoa yake kwenye miguu ya Koko, yaani bibi yake Joselyne, na hata hajui soksi inaanzia juu au chini.

Joselyne alimpa sindano, akazikataa akisema hizo ni za wanawake. Akaenda kwa fundi baiskeli, akachukua spoku, akazinoa kwenye ukuta wa jirani. Kisha akatafuta video ya mafunzo, akaitazama kwenye simu ya mteja, tena kwa kuikimbiza, kwani bingwa hana muda wa kupoteza. Sehemu ya kisigino ilipita wakati anabishana na mtu kuhusu chaja.

Bado vipimo. Jumapili akaenda Giheke kusalimia. Mvua ilikuwa imenyesha, na mabuti ya Koko Mukamurenzi yalikuwa mlangoni, yamejaa tope. Bwana yule akaangalia huku na huku, akachomoa waya wa chaja mfukoni, akapima soli, akapiga fundo. Angeuliza, angeambiwa kwamba mabuti hayo ni ya marehemu mume wa Koko, na kwamba Koko huyajaza majani makavu ya mgomba, kwa ukubwa wake, yasimvuke njiani. Lakini kuuliza ni kwa wasiojua.

Akafuma! Akiogopa, uzi ulikaza mpaka spoku zikapinda. Akijisifu, ulilegea ukafaa kuchujia chai. Simu za watu zikarundikana kibandani bila kuguswa, wenyewe wakaambiwa wasubiri, fundi yuko kwenye mambo ya kimataifa.

"Ya kushoto nimeisha kuimaliza," aliwatangazia vijana wa pale. "Sasa naingia mu ya kuume. Ile ndiyo nguvu, bana! Vidole binageukia ngambo ingine."

Vijana wakatikisa vichwa kwa heshima. Joselyne, upande wa pili, aliuma uzi kwa meno.

Mwisho wa kazi ukaleta kisa kipya. Vitanzi vya ukingoni vinafungwaje? Mwenye simu alikuwa ameshaichukua, na video imeenda naye! Christophe-Aimé akafikiri kifundi. Akatoa gundi ya kubandikia vioo vya simu, akapaka ukingo wote wa soksi, akapuliza.

"Hata lori ya simenti ya Muganza ivute," akasema, "haitaachia!"

Siku ya irembo ikafika. Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mjomba wake, Tonton Muhigirwa, mtu ambaye akishika maneno hata mbuzi kilema hununuliwa kwa furaha. Kwa desturi, kijana mwenyewe hukaa kimya na macho chini, mzee ndiye husema. Christophe-Aimé akakaa, ametega shavu lipigwe picha. Soksi zikatolewa katika kikapu, akapewa Koko.

Koko akaigeuza ya kwanza. Akaichungulia ndani. Akakitafuta kisigino mbele, akakitafuta nyuma.

"Hii mikono munaona," Tonton akaanza, "haiko mikono ya mizaha! Kintu yenye imefunga, imefunga!"

Koko akaona kitu kigumu ukingoni. Akadhani ni uji uliokaukia pale, akaubandua kwa ukucha. Tak! Uzi ukachomoka. Koko akauvuta kidogo auweke sawa, ukaja zaidi.

"Ni muntu wa kudumu!" Tonton akapaza sauti, macho juu darini. "Hatauacha urafiki yenu ilegee hata siku moja!"

Soksi ilikuwa imeshafika nusu. Koko aliyefuma tangu ujana hawezi kuuona uzi unapotea hivihivi, vidole vyake vikaanza vyenyewe kuukunja kuwa bonge. Mashangazi wakaziba midomo kwa vitenge. Christophe-Aimé alitaka kupiga kelele, lakini desturi ilimkataza. Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai.

"Yote iko hapa mbele yenu!" Tonton akamaliza, akashusha macho. Kwenye mapaja ya Koko palikuwa na bonge la uzi, la mviringo, safi kabisa.

"Sema tu, Muzee," Koko akamtuliza. "Uzi ni muzuri."

Papa wa Joselyne akakohoa. Alikuwa mtu wa huruma, na irembo alikuwa tayari kuitoa. "Tusibahukumu. Ingine iko nzima. Maman, jaribu kuivala, tumalize."

Matumaini yakarudi! Koko akainua mguu wake mdogo, akafungua soksi iliyoweza kumeza paja la mzee mzima. Joselyne akashika pumzi. Ncha za vidole vya Koko zilikuwa zinaingia, ndoa inaingia nazo, bado kidogo tu.

Christophe-Aimé akaruka kutoka kitini.

"Hapana, Koko! Si ule muguu! Hiyo ni ya kushoto!"

Koko akatazama soksi. Akatazama mguu wake wa kulia uliobaki hewani. Akamtazama yule kijana kwa muda, kisha akaushusha mguu chini, mtupu.

"Muhigirwa," akasema kwa upole, "mumurudishe huyu. Akisha kujua shosete ni nini, mutakuya tena."

Joselyne alicheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayo, tuseme ukweli, hayakuwa ya kicheko. Kesho yake akavuta kigoda kingine mezani pake, akakipiga kofi moja. Christophe-Aimé akaja, akakaa, akapewa sindano za wanawake na akazishika.

Yuko pale mpaka leo kila alasiri, anapambana na kisigino na mdomo ameufunga. Angependa kusahau, ila Kamembe haimruhusu. Juzi mama mmoja wa sokoni alimletea simu yenye kioo kilichopasuka, akamnyooshea kwa adabu zote.

"Fundi, uniambie mbele ya kuitengeneza. Hii ni ya sikio ya kushoto ao ya kuume?"