Kufa kwa Ajili ya Fasihi

Jumatatu, 10 Mei 2004
Baridi. Upepo tangu alfajiri. Moyo wangu unakwenda kama mashine ya kusaga inayoishiwa dizeli. Daktari ameshanishauri nisipange mambo ya mwakani. Vema. Nimebakiwa na jambo moja: Redempta.

Mjukuu wangu amefaulu kidato cha sita, na anataka shahada ya uuguzi. Uuguzi! Mimi nimefundisha Kiingereza mpaka meno yameisha. Nina masanduku ya riwaya na tamthilia, na macho yanazimika. Nikiondoka, nani atafungua masanduku hayo? Panya?

Nikamweleza kuna chuo kipya cha binafsi kinachopokea hata waliosoma sayansi, mradi Kiingereza kiwe kizuri. Chake ni kizuri. Mwalimu wake ni mimi. Nikamtajia masomo ya fasihi: ushairi, tamthilia, riwaya, uhakiki. Naye akanitajia yake: anatomia, dawa, ukunga, mazoezi wodini. Nikamuuliza lipi kati ya hayo linaweza kumliza mtu. Akasema ukunga, babu, muulize yeyote aliyezaa.

Jirani yangu Nsajigwa, bwana afya mstaafu kutoka Mbeya, alicheka mpaka chai ikampalia. Yuko upande wa uuguzi. Mchochezi!

Jumanne, 11 Mei
Nimepata dawa. Nitakufa! Neno la mwisho la mzee, nani atathubutu kulivunja?

Baada ya uji wa ulezi nikaanguka taratibu, upande wenye mto. Nikamwita Redempta, nikatamka kwa shida kwamba asome fasihi. Kisha sauti ikakatika. Mdomo nikaupinda kidogo, mikono nikailegeza kama iliyopooza. Hospitali hawanipeleki: niliapa zamani mbele ya ukoo mzima kwamba nitafia kitandani kwangu.

Naandika haraka. Redempta kaenda bombani kuteka maji.

Jumatano, 12 Mei
Kufa ni kazi ngumu. Redempta ananiosha, ananigeuza ubavu huu na ule nisipate vidonda, ananilisha kwa kijiko. Mikono yake miepesi mno. Balaa! Kadiri ninavyokufa ndivyo anavyozidi kuwa muuguzi.

Nsajigwa kaja kuniaga. Kaniinamia na kusema kwa sauti kwamba pole Mwalimu, unakufa hujanifunga drafti hata siku moja. Mwongo mkubwa! Na mimi bubu!

Padre naye kaja na mafuta matakatifu. Kasema kama najuta dhambi zangu nifumbe macho. Nikafumba. Nilijuta kweli, zote isipokuwa hii ninayoitenda.

Mchana Redempta akafungua sanduku, akanisomea riwaya kwa Kiingereza. Sauti tamu. Akakosea matamshi. Akarudia kukosea palepale. Nilikaribia kufa kweli.

Alhamisi, 13 Mei
Nimeshinda!

Alipiga magoti, akanishika mkono, akasema atasoma fasihi, babu, wewe usife tu. Kisha akageukia ukuta. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtoto aliyekatazwa kulia.

Nimeshinda. Mbona uji haushuki?

Jumamosi, 15 Mei
Aibu. Na nafuu! Sijui nianze na ipi.

Nyumba ilijaa. Nimelala, macho nusu, mdomo umepinda vizuri kuliko siku zote. Akaingia Bibi Coleta, bibi mzaa mama wa Redempta, katoka kijijini Kate juu ya lori la mahindi. Mkwe wangu huyo. Akachuchumaa kando ya kitanda, akainamisha kichwa, akanipigia makofi ya salamu, polepole, kama tunavyoamkiana Wafipa wenye adabu.

Mkwe akikupigia makofi, unamwachaje? Sikufikiri. Mikono yangu miwili, iliyopooza tangu Jumanne, ikatoka chini ya blanketi ikamwitikia. Pa, pa, pa. Kwa heshima zote!

Nsajigwa ndiye aliyeinuka kwanza. Akatangaza kwamba maiti huyu ana adabu sana, azikwe na wakwe zake.

Redempta alilia, akacheka, akanipiga na mto, kisha akanishika mkono kupima mapigo. Nikasema kwa sauti iliyorudi ghafla kwamba ile ahadi nimeifuta, akasome uuguzi. Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Nami nikavuta yangu. Kifua hakijawahi kuwa chepesi hivi. Nilikula ugali mzima, mbele ya waombolezaji.

Jumapili, 16 Mei
Nimeungama upya, kwa sauti. Padre alikohoa sana. Nadhani alikuwa anacheka. Sasa Mungu akiniita nitaitika bila wasiwasi. Redempta kaahidi, kwa hiari yake, kunisomea kila mchana mpaka chuo kifunguliwe. Matamshi namsahihisha. Nina amani. Sitadanganya tena mtu.

Jumatatu, 17 Mei
Nsajigwa kapita kwa ajili ya drafti. Kaninong'oneza kwamba mjukuu wake Jafeti ataingia kidato cha tano, anataka sayansi. Kijana mwenye sauti nzuri! Anasoma magazeti kama mtangazaji wa redio! Nikamuuliza Nsajigwa, kwa upole tu, kama naye hajawahi kufikiria kuugua kidogo. Akasema hawezi, anacheka ovyo.

Basi nitamuugulia mimi, Jafeti ahamie fasihi. Alhamisi inafaa. Safari hii mikono nitaifunga kwa rozari mapema.