Okidi ya Shemeji na Msingi Imara

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Kaniachia nyumba, kuku, na lile sanduku la kioo la sebuleni lenye ua la okidi. Okidi hiyo kaachiwa na marehemu dada yake. Hakuachiwa kingine. Kanisisitizia mlangoni nisiiguse, niinyunyizie maji kidogo tu, na kifuniko nikiache na upenyo. Kuniambia mimi! Mwashi niliyejenga nusu ya mtaa huu!

Nimechungulia. Nimeduwaa. Mmea hauna udongo! Umekalishwa juu ya vipande vya magome, mizizi inaning'inia kama kamba za viatu. Miaka yote mke wangu anaishi na aibu hii, hasemi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeweka msingi. Udongo wa mfinyanzi, nimeushindilia kwa mpini wa nyundo. Mizizi yote ndani. Nikaweka pima maji. Imenyooka barabara. Kifuniko nimekiziba kwa saruji pande zote, unyevu usitoroke. Kisha dirishani, penye jua kali.

Jirani yangu kinyozi, ambaye ana okidi yake kibandani juu ya kioo, alipita akatazama. Akauliza itapumulia wapi. Nikamjibu maua hayana pua. Kaenda zake anatikisa kichwa. Wivu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Makubwa! Kioo chote kimejaa ukungu. Nafuta nje, kumbe uko ndani. Nimebandua saruji kwa patasi, mvuke ukanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Majani manjano. Shina uji. Kuvu nyeupe juu ya msingi wangu! Okidi imeiva.

Ukuta wangu haujawahi kunifanyia hivi. Bila shaka mmea ulikuwa mgonjwa zamani. Nimeutupa jalalani haraka, bila kuutazama. Shemeji yule hakuwahi kuninunia hata siku moja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Akili ninayo. Nimepata okidi ya plastiki kwa muuza mapambo. Kasoro moja: ni ya rangi ya waridi, na ya shemeji ilikuwa nyeupe. Nimeipaka chokaa, tabaka mbili, kama ukuta. Pacha wake! Hata mwenyewe nilibabaika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke karudi. Hata mtandio hajavua, kakamata chupa ya kunyunyizia. Nikamwambia apumzike kwanza, anieleze habari za mjukuu. Hakusikia. Akanyunyiza.

Ua likaanza kutoa machozi meupe. Chokaa ikachuruzika kwenye kioo, rangi ya waridi ikajitokeza. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini sakafu ile nilijenga mwenyewe, haipasuki.

Nikangoja matusi. Nimeyazoea. Hakutoa hata moja. Aliketi chini, akasema polepole, "Dada yangu umemzika mara ya pili, mzee."

Nimeshika kitambaa, nikafuta chokaa kiooni. Mimi!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kinyozi kabisha hodi. Mkononi kipande cha gogo, na juu yake okidi imefungwa kwa uzi. Ile ile! Aliiokota jalalani Alhamisi, akakata palipooza kwa wembe mpya. Limebaki jani moja, na mzizi mmoja wenye ncha ya kijani.

Akamwambia mke wangu, "Itapona, mama. Ila fundi asiishike."

Mke wangu akalia, akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Nikawaeleza kwamba jani hilo limeokoka kwa sababu ya msingi. Hakuna aliyegeuka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kinyozi kasafiri. Okidi yake kamwachia mke wangu aitunze. Sasa zipo mbili dirishani. Mke kaenda sokoni, kaninyooshea kidole: ile ya dada yake nisiisogelee. Siisogelei. Mimi mtu wa kusikia.

Ya kinyozi hakuitaja.

Nimeitazama kutoka kitini. Nimeshtuka! Mizizi yote nje, hewani, kama mtu aliyekurupushwa bafuni. Na mwenyewe ametutendea wema mkubwa. Siwezi kumrudishia kitu katika hali ile.

Saruji imebaki nusu mfuko. Udongo nimeshaloweka.