Vita vya Suud bin Harub na Seredani, Jabal Shams

Nyamazeni, enyi watu wa Maskat, nyinyi wa Mawaleh, na nyinyi wa Bustan zimeni viyoyozi vyenu msikie vizuri, maana nakileta kisa cha Suud bin Harub, karani wa wizara, mshika mihuri, shujaa asiyewahi kuionja baridi, jinsi alivyoukwea mlima wa Jabal Shams Alkhamisi moja ya mwaka elfu mbili na nne, akapigana huko na seredani, jiko la mkaa, hata likasalimu amri.

Alikwenda na jeshi dogo: mkewe Masouda, binti yao Rawan, na mamake Bi Sayyida, ambaye tangu kumaliza eda ya marehemu Mzee Harub, miezi minane nyuma, hakuvuka kizingiti ila kwenda hospitali. Suud alimbembeleza wiki tatu nzima.

"Nitakwenda," bibi mtukufu alitamka hatimaye. "Lakini chai yangu ya tangawizi niipate baada ya alasiri, kama kwangu. Nikiikosa, nnarudi Maskat siku hiyo hiyo."

Na Suud, kwa kinywa chake mwenyewe, akaapa.

Walipofika kwenye kibanda cha mawe walichokodi, kisicho na umeme wala jiko, mbingu zikawafungukia. Theluji, ambayo mlinzi wa pale alisema hakuitarajia kabla ya Januari, ilianza kudondoka juu ya paa, juu ya gari, juu ya kofia ya Suud. Rawan akatoka mbio akipiga vigelegele. Bi Sayyida alijikunyata ndani, shali mbili juu ya abaya, akatazama saa.

Suud akafungua buti ya gari, akauona msiba. Kwani watu wa Maskat hawatoki kwenda popote, iwe Qantab hapo pwani iwe mwisho wa dunia, bila barafu. Naye, mwana wa ada, alinunua mifuko minne ya barafu, akaipandisha mlimani kwenye theluji, na kwa mkono wake huo wa kishujaa akaipanga juu ya gunia la mkaa. Ilivuja njia nzima. Mkaa ulikuwa umelowa chapachapa.

"Enyi makaa!" alinguruma, amepiga magoti mbele ya seredani. "Mwamjua aliye mbele yenu? Mimi ni Suud, niliyepitisha mafaili elfu bila mkono kutetemeka! Wakeni!"

Makaa hayakumjua. Alimaliza vibiriti viwili na gazeti zima, pamoja na ukurasa wa mpira ambao hakuwahi kuusoma, akaambulia moshi na machozi.

"Suud, mwanangu," ilisema sauti kutoka kwenye shali. "Saa kumi na nusu hii. Vita hivi si vyako. Nitie garini."

Suud aliogopa, tena aliogopa kweli. Alijua mamake akirudi leo, mlango wa nyumba yake hatautoka tena.

Silaha ilibaki moja tu, nayo ilikuwa mkobani mwa Masouda: chetezo chake, na vile vidonge vya mkaa wa kufukizia udi, vinavyoshika moto kwa njiti moja. Suud alimwendea kichwa chini.

"Mama Rawan, nna haja na vidonge vyako."

Masouda alisimama kwa enzi. "Khaa! Huyu si yule aliyenicheka asubuhi mbele ya jirani, akaniuliza kama nnakwenda kuwafukizia mbuzi wa mlimani? Sema umekosa, Baba Rawan. Sema mamako asikie."

"Nimekosa."

"Theluji inameza sauti."

"Nimekosa, wallahi!"

Akampa sita. Suud akavipanga chini ya mkaa mbichi, akakoka, akapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka bega likamfa ganzi. Mkaa ulifoka, ukalia, ukakauka, ukawa mwekundu. Birika likaimba.

Alimpelekea mamake kikombe kwa mikono miwili. Bi Sayyida akanywa funda moja.

"Ina moshi, tena inanuka udi," akahukumu. Akanywa mpaka mwisho, akamrudishia kikombe. "Nitilie nyengine. Na hilo gari lifunge, usiku huu hatwendi pahala."

Basi na iandikwe, wajukuu waje kusoma: saa kumi na moja kasoro dakika tano, Suud bin Harub alichemsha birika moja la chai, na mamake akalala nje ya nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu awe mjane.