Chombo Changu Kimekamatwa na Serikali

Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya serikali kuu, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnajua huku ughaibuni nimepata kazi ya ukarani kwenye kile kitengo cha jimbo kinachowakamata wanaoiba fedha za matibabu na wanaowanyanyasa wazee kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa. Niko kwenye majaribio, mwezi wa tano sasa. Kumbe kitengo nacho kina wakubwa wake. Kila mwaka serikali kuu inakikagua. Ikiridhika, kinapata kibali kipya. Isiporidhika, fedha zinakatwa na wa kwanza kuaga ni karani mgeni. (Ndiyo mimi. Msijifanye hamkuelewa.)

Jana nikampigia Wanjiru, yule Mkenya anayehudumia wagonjwa kule Woodbridge, nikamwambia kesho mkaguzi anakuja.

"Na mtamkalisha mgeni na maji tu?" akasema. "Aki hiyo ni aibu."

Basi nikakaanga sambusa. Kumi na mbili, za nyama, pilipili sikuionea huruma.

Asubuhi nimetoka Gaithersburg na hotpoti nimeifunga mkanda kiti cha mbele. Mkaguzi akafika, mzee mrefu, mpole. Nikamkaribisha.

"Asante, nimeshakula."

Wote mliolelewa vizuri mnajua hiyo maana yake ni njaa. Nikamwacha kidogo, nikarudi. "Mbili tu, mzee wangu." Akasema hawaruhusiwi. Nikaona huyu anaona haya mbele za watu. Mara ya tatu akatabasamu tu, akarudi kwenye mafaili yake. Nikajua anataka za kupeleka nyumbani.

Alipokwenda chooni nikazihamishia zote kumi na mbili kwenye chombo cha plastiki, nikakitumbukiza ndani ya mkoba wake, chini kabisa, ili asipate taabu ya kukataa. (Naona mnashika vichwa. Mimi wakati huo nilikuwa najipongeza.)

Jioni kikao cha kufunga. Wapelelezi wote, wanasheria, wahasibu, na bosi wangu Linda. Mkaguzi akafungua mkoba atoe rasimu ya ripoti yake. Ikatoka ripoti na mafuta yake. Akakitoa chombo, akakiweka katikati ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Nani ameweka hiki?"

Wapelelezi wetu huchukua mwaka mzima kumaliza kesi moja. Hii waliimaliza kwa sekunde tatu, kwa sababu juu ya mfuniko kuna plasta nyeupe yenye jina langu, la kwanza na la ukoo, na namba ya simu. (Vyombo vyangu vimepotea sana kanisani Rockville.)

Linda akafumba macho. "Neema, unajua sisi tunawapeleka watu mahakamani kwa jambo kama hili?"

"Najua," nikasema. "Hati za mashtaka nazichapa mimi."

Miezi mitano ya kuamka alfajiri niliiona inaondoka na sambusa. Mkaguzi akaniuliza, kwa upole ule ule, nilitegemea kupata nini.

"Nilitegemea ule," nikasema. "Halafu unirudishie chombo."

Nikaambiwa nisubiri nje. Linda na mkaguzi wakabaki ndani na ushahidi. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikiomba kimoyomoyo, koti nimeshavaa kabisa.

Baada ya nusu saa Linda akatoka. Kibali tumepewa. Kazi sijafukuzwa. Ila nitahudhuria mafunzo ya zawadi na rushwa, peke yangu, na tukio lazima liingie kwenye ripoti. Mkaguzi akaniaga vizuri tu, akaomba glasi ya maji baridi. Akaomba na ya pili.

Ripoti yenyewe, nani karani wa kuichapa? Mimi. Nikafika kwenye mstari huu: "Kielelezo: chombo kimoja cha plastiki, sambusa kumi."

Nimeusoma mara tatu, nikauchapa kama ulivyo. Msinicheke na msiniulize, bado niko kwenye majaribio.