Malalamiko ya Mshiriki Namba Saba

Scarborough, Toronto
Jumapili, 11 Novemba 2012

Mheshimiwa Dkt. Asumpta,

Mimi ni baba yake Lisa, mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili ya mipaka, uhamiaji na utambulisho katika utawala wa Ulaya. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Lisa amesema ulizaliwa Bukoba, na kwa sababu yeye hukielewa lakini kukisoma hawezi. Hata akiiona barua hii mezani kwako, hatajua kwamba nimemsemea.

Kwa mujibu wa shajara yangu, malalamiko ni manne.

1. Tarehe 3 Septemba 2011 aliondoka kuja huko Ulaya akiahidi mwaka mmoja tu. Sasa umemwongezea wa pili, akachunguze mpaka ambao, kwa maneno yake mwenyewe, uliondolewa: watu wanauvuka kwenda kununua mkate na hakuna anayewatazama. Kitu kisichokuwepo hutazamwa siku moja kikaisha, na hapo nimekuwa mkarimu.

2. Kila Jumapili baada ya misa ananihoji kwa Skype, najihisi mtu wa wapi. Nilijibu: orofa ya kumi na nne, mlango wa pili. Akasema hiyo ni anwani. Nikaeleza kwamba babu alitoka Goa, India, mimi nilizaliwa Tanga, na pasipoti ni ya Kanada. Akauliza ningechagua kipi. Nilichagua chakula, kilikuwa kinapoa. Katika tasnifu ameniandika "Mshiriki Namba Saba". Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu. Hao sita wa mbele ni nani?

3. Mke wangu Edwina amesoma sura ya kwanza ya tasnifu hiyo. Tangu Jumanne ananiambia, kwa maneno ya sura hiyo, kwamba mimi ni mhamiaji asiye na kibali jikoni kwangu.

4. Kutoka hapa hadi Niagara ni saa mbili kwa gari. Kuna mpaka mzima na Marekani, wenye foleni, maofisa na mbwa, na utambulisho wanauuliza bila fomu ya kurasa tisa. Nitampeleka kila Jumamosi na kumsubiri na chupa ya chai.

Kwa hiyo naomba umrudishe kabla ya Krismasi. Kama kanuni zinataka lazima mtu aipate hiyo shahada, nipe mimi. Mipaka nimevuka, na tarehe ninazo.

Wasalimie wahadhiri wenzako, mkutubi, na hao sita walionitangulia.

Wako, ninayesubiri jibu kwa adabu,
Santan Fernandes

N.B. Nilipofungua shajara ya zamani kuhakiki tarehe hizo, nimekuta 9 Septemba 1975: "Nimemwambia Baba kwenye uwanja wa ndege, Toronto ni miaka miwili tu. Amesema atakitunza kitanda changu."

Tafadhali futa la kwanza na la nne, na ombi la Krismasi pia. Lisa asiharakishwe. Ukurasa huo usimtajie, ataunukuu. Mwambie tu kitanda chake kimetandikwa.

Kuhusu namba saba, sijabadili msimamo.