Pakiti kwa Kinanda cha Damasi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimeamua. Kiti changu cha kinanda kitarudi kabla ya sherehe ya kigango Jumapili hii, na sitamgusa mtu.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Nimepiga kinanda cha kwaya yetu hapa Maisaka, Babati, miaka kumi na minne. Mwezi wa pili akaja Damasi, amehamishwa kikazi kutoka Tabora. Mke na watoto kawaacha huko. Akaja na kinanda chake. Hakina sauti ndani, kimeunganishwa na kompyuta, na kompyuta ndiyo inayotengeneza kila kitu: filimbi, zeze, tarumbeta, hata sauti za watu wasiokuwepo. Wiki ya pili Mama Yohanes, mwalimu wetu wa kwaya, akaniambia, fundi Egidius, pumzika kidogo. Nimepumzika miezi minne. Wamenihamishia besi. Besi tuko watatu na mmoja hasikii vizuri.

Mama yangu mzazi alifariki Agosti mwaka jana. Nyumba ina vyumba vitatu. Dukani ninakotengeneza simu naongea na wateja, lakini wao wanaongelea kioo cha simu tu. Kwaya ndiyo ilikuwa imebaki.

Sasa mpango. Ni Damasi mwenyewe aliyenipa. Aliniomba nimfungie waifai kwenye chumba cha kwaya, akanionyesha anavyopandisha sauti ya kinanda kwa tableti. Tableti inatuma ujumbe mdogo hewani, wanauita pakiti. Kompyuta inaupokea na kutii. Nikamuuliza kama kompyuta inataka kujua pakiti imetoka kwa nani. Akacheka, akasema haiulizi. Mtu akiwa na furaha anasema mambo mengi.

Basi nitaandika programu yangu, kwa lugha ya C, itume pakiti kama zile. Katikati ya wimbo sauti itapanda hadi mwisho. Kinanda kitawafunika wanakwaya wote. Mama Yohanes ataona Damasi hakiwezi. Ataniita.

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika kutwa nzima. Pakiti ina sehemu tatu: jina la kitu unachotaka kukibadilisha, alama ya kusema namba ni ya aina gani, halafu namba yenyewe. Sifuri ni kimya, moja ni sauti yote. Kila sehemu lazima ijae kwa mafungu ya baiti nne nne, na herufi moja ni baiti moja. Ikipungua, unajaza sifuri.

Kompyuta imeikataa programu mara tisa. Mara ya kumi imekubali.

Alikuja mama mmoja na simu iliyoingia maji. Nikamwambia arudi kesho. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, japo sikuwa nimekula. Hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu ya leo.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nimekaa besi na kompyuta mapajani. Nimesema maneno ya nyimbo yamo humo. Mama Yohanes akanisifu mbele ya watu, akasema wengine waige, wanakuja na madaftari yaliyochanika. Nikaona aibu kidogo. Nikabonyeza.

Kimya. Yaani kinanda kiliendelea vilevile. Nimebonyeza mara kumi na moja.

Ubaya wa pakiti hizi ni kwamba hazirudishi jibu. Inaondoka, na wewe hujui kama imefika, imepotea, au imefika ikatupwa. Unabaki umekaa.

Baada ya mazoezi Damasi akanifuata mlangoni. Amepika kande, kasema, amezidisha kipimo kama kawaida yake, twende Bonga anakoishi tukale. Nikasema nina wageni. Sijapata mgeni tangu watu wa msiba walipoondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Kosa limepatikana. Jina nililoandika ni /kwaya/sauti. Herufi na alama zote ni kumi na mbili. Nikaona kumi na mbili inagawanyika kwa nne, sikuongeza kitu. Kumbe sheria inataka baada ya jina lazima pawe na sifuri, hata moja, ili anayepokea ajue jina limeishia wapi. Nilitakiwa niongeze sifuri nne, iwe kumi na sita. Kompyuta ya Damasi ilikuwa inasoma jina lisilo na mwisho na kulitupa.

Nimerekebisha. Nikaandika na programu ya pili, ya kupokea, nijaribu hapa nyumbani. Nimetuma mwenyewe, nimepokea mwenyewe, mezani kwa mama. Nimetuma namba moja, imefika moja. Nikatuma tena na tena, si kwa sababu ya kujaribu. Ilikuwa inapendeza tu kuona inafika.

Ijumaa, 7 Juni

Damasi kaja dukani. Nilifunga kompyuta haraka nikajibana kidole.

Hakuja na simu mbovu. Alikaa kwenye benchi, akawa anaangalia chaja ukutani. Mwishowe akasema, "Jumapili naogopa."

Nikamuuliza anaogopa nini, kinanda anacho.

"Watakuwepo kwaya ya Bonga na ya Mutuka. Huku sijui watu, Egidius. Nikikosea sijui nani atanicheka na nani hatacheka. Kaa karibu yangu pale kwenye kinanda. Nifungulie tu kurasa."

Ningekaa. Nasema kweli, mdomo ulishaanza kukubali. Lakini ukikaa pembeni ya mtu huwezi kubonyeza kitu bila yeye kuona. Nikasema besi hawatanielewa, tuko wachache.

Akasema sawa. Akanunua chaja ambayo nadhani hakuihitaji.

Jumapili, 9 Juni

Niandike taratibu.

Kanisa lilijaa hadi nje. Kwaya ya Mutuka walivaa kitenge kipya. Nilisubiri wimbo wa matoleo, ubeti wa pili, pale kinanda kinapopanda peke yake. Nikabonyeza mara moja.

Kinanda kikanyamaza.

Hakikupanda hata kidogo. Kilikufa. Nilikuwa namwona Damasi vidole vinakwenda na hakuna kinachotoka. Akatazama kompyuta, akatazama waya, halafu akageuka akatazama upande wa besi. Nadhani alikuwa ananitafuta nimsaidie. Niliinama.

Nilitegemea kwaya itasambaratika. Mama Yohanes hakushusha mkono. Aliunyanyua zaidi, akatutazama mmoja mmoja, na watu wakaendelea kuimba bila chombo chochote. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa mara ya kwanza nikasikia besi yetu. Yule mzee wetu asiyesikia vizuri alikuwa ananishika kiwiko ili tuende pamoja. Sikumbuki nilianza lini kuimba, ila nilipomaliza koo lilikuwa linauma na watu wa Mutuka walikuwa wamesimama.

Baada ya misa Mama Yohanes akatangaza uamuzi. Kwaya imejua uwezo wake. Kuanzia sasa tutaimba bila kinanda, mpaka atakapoona vinginevyo.

Kwa hiyo kiti hakina Damasi. Wala hakina mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejua. Kompyuta yangu inaandika namba kuanzia mwisho wake mdogo. Kwenye mtandao inatakiwa ianze upande mkubwa. Nilisahau kuzigeuza zile baiti nne. Moja yangu ilifika kwa Damasi ikiwa imepinduliwa, ikasomeka kama kitu kidogo mno, sawa na sifuri. Nimetuma sauti yote, imefika kimya.

Na programu yangu ya kupokea ilikuwa na kosa hilohilo. Ndiyo maana hapa mezani zilielewana vizuri.

Sikufungua duka.

Jumanne, 11 Juni

Damasi kaja nyumbani. Nilisikia hodi nikadhani ni jirani anadai ndoo yake. Kashika kompyuta kwapani. Kaingia, kaweka mezani, kafungua, kanionyesha orodha. Kompyuta yake inaandika kila pakiti iliyopokea. Waifai nayo inaandika jina la kila kifaa kilichoingia. Mimi ndiye niliyeifunga ile waifai. Nilitakiwa nijue.

"Fundi-Egi ni nani?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Ulitaka kuzima kinanda changu mbele ya watu wote?"

"Hapana. Nilitaka kipige kelele."

 Akatazama ile namba kwenye orodha. "Hukugeuza baiti," akasema.

"Nilisahau."

"Na jina je? Jumatano zipo kumi na moja hazikusomeka."

"Zile nilikosea sifuri za mwisho."

Akavuta kiti cha mama akakaa. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akasema, "Miezi minne nimekaa Babati na sijapata hata mtu mmoja wa kuongea naye mambo haya. Kumbe ulikuwepo besi."

 Nikaweka maji ya chai. Sukari ilikuwa ya mtu mmoja, tukagawana.

Mama Yohanes hajaambiwa. Damasi alimwambia ni waya. Na amemwomba kinanda kirudi, tupige kwa zamu, naye akakubali kwa shingo upande. Tarehe ishirini na tatu naanza mimi. Baada ya misa nikale kwake, anataka kunipikia wali na samaki.

Alipoondoka nilikaa sebuleni bila kufanya kitu. Viti viwili vilikuwa vimevutwa kutoka mezani. Sikuvirudisha.

Jumapili, 23 Juni

Nimepiga kinanda. Kiti ni kilekile, ila kimefungwa skrubu mpya. Sikukosea hata mahali pamoja. Mama Yohanes alinipa mkono. Damasi alikaa karibu akinifungulia kurasa, na kila mara alifungua kabla sijatikisa kichwa.

Jambo moja tu. Kigango kimeletewa mashine mpya ya vipaza sauti. Na sauti ya kwanza kuna binti anaitwa Jovita, mkaza mwana wa mwenyekiti wa kigango, anayeimba karibu sana na kipaza. Kile kipande changu kizuri cha mwisho, niliyekisikia ni mimi peke yangu. Nimechunguza ile mashine wakati watu wanasalimiana. Nayo inapokea pakiti.

Nimemwambia Damasi atangulie, nina mteja. Akasema atanisubiri.

Nimekuja nyumbani moja kwa moja. Si jambo kubwa. Nataka tu kipaza cha Jovita kishuke kidogo pale ninapoingia mimi. Baiti nimezigeuza safari hii, sifuri nimezihesabu. Mistari arobaini na mbili tayari.

Damasi kapiga simu mara mbili. Ya kwanza nimepokea, kasema samaki wanapoa. Ya pili sijapokea. Yamebaki makosa matatu tu.